Fettle, Neno la Kwao Daktari

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa kabati langu pale ofisini Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, nikanywa soda pamoja nanyi, nikapewa saa ya ukutani ambayo mke wangu bado hajaamua itundikwe wapi. Mmoja wenu akaniomba niandike namna tulivyokuwa tukifanya kazi ya ukalimani hospitalini zamani. Nimekubali, lakini nakuonyeni mapema: anayetaka vichekesho asome kurasa za mwanzo tu, kisha afunge. Vyeo na mishahara sitavigusa. Nitaandika juu ya miaka yangu ya kwanza, tangu sitini na nne hadi sabini, juu ya neno moja la Kiingereza nililolifuata miaka yote hiyo, na juu ya familia moja ya kijiji cha Yiti niliyoiharibu kwa adabu.

Nilitoka Unguja mwaka sitini na nne nikiwa na sanduku moja na cheti cha shule. Nilikaa Mombasa miezi miwili nikingoja chombo. Wengi niliosafiri nao hawakuruhusiwa kushuka Maskati. Mimi niliruhusiwa kwa sababu ammi yangu alikuwa na nyumba Matrah, mji wa jirani, na alimjua mtu aliyemjua mtu. Kwenye banda la forodha, wa kwanza kunisemesha alikuwa jirani yetu wa zamani aliyetangulia kuja. Hakunisalimu. Alisema, "Salum, mama yako kafa. Barua imefika juzi." Kisha akaniuliza nna mizigo mingapi.

Nilikaa juu ya sanduku langu mpaka jua likanichoma shingo. Kwetu habari ya kifo haisemwi hivyo. Mtu huambiwa mama anaumwa, njoo nyumbani. Akifika huona wanaume wamekaa barazani kimya, akajua mwenyewe. Siku ile niliapa kuwa mimi sitamfanyia binadamu mwenzangu unyama ule. Ni kiapo kizuri kwa muuza halua au fundi viatu. Kwa mkalimani ni maradhi.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, na jina lake halina haja. Vitanda ishirini, wagonjwa hamsini, waliobaki wakilala chini na jamaa zao, na kuku wa jamaa zao. Daktari alikuwa Mwingereza wa makamo, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mtu wa kazi za sulubu. Alikuwa na Kiarabu cha kuuliza panauma wapi, lakini jibu likizidi maneno matatu alipotea. Ndiyo maana nikaajiriwa. Nilikuwa na Kiswahili cha nyumbani, Kiingereza cha shule, na Kiarabu ambacho watu wa Matrah walikicheka kila nilipofungua mdomo. "Zinjibari huyo," wakisema, hata mbele yangu, kama kwamba Kiarabu changu kilikuwa kibovu hata katika kusikia.

Asubuhi yangu ya kwanza Daktari alitoka chumba cha upasuaji, maji yakimchuruzika viwikoni, akanisalimu kwa maneno ambayo sikuyaambua hata moja. Nilikuwa nimefaulu Kiingereza shuleni. Nilisimama pale na cheti changu mfukoni, sijui kama nimeamkiwa au nimefukuzwa. Baadaye nilijua kuwa aliniuliza hali yangu, kwa neno la kwao: fettle.

Msilitafute neno hilo katika Kiingereza cha ofisini. Humo limebaki katika msemo mmoja tu, wa kusema mtu yu mzima wa afya. Daktari alitoka kaskazini ya nchi yao, kijiji cha viwanda vya chuma, na huko neno lile lilibebeshwa kila mzigo. Alipokwenda kusomea udaktari mjini, wenzake walimcheka kwa lugha ya bibi yake mpaka akaificha. Maskati hapakuwa na Mwingereza wa kumcheka, au walikuwa wachache na hakuwajali, basi akaifungulia. Mimi nikanunua daftari.

Niliandika kila nilipolisikia. Karabai ikizimika, akiipiga pampu na kusafisha sindano yake mpaka iwake, alikuwa akifettle karabai. Sakafu ikipigwa deki, imefettliwa. Akipika mayai yake ya Ijumaa, ndivyo hivyo hivyo. Mpishi alipotia maji katika maziwa ya wagonjwa, Daktari alisema atamfettle mpishi, na hapo nikaelewa kuwa neno lina na kofi ndani yake. Mguu uliovunjika ukifungwa vibao, umefettliwa. Na mgonjwa akiulizwa hali, yumo katika fettle gani. Nilijaribu kutafuta neno letu moja la kuliweka mbele yake. Tengeneza halikutosha. Weka sawa halikutosha. Mwisho niliacha nafasi tupu katika daftari, na mpaka leo iko tupu.

Ijumaa moja, mwaka wangu wa pili, nilimuuliza neno limetoka wapi. Alishusha kamusi kubwa kama tofali, akanionesha. Asili yake, kama kamusi ilivyoeleza, ni neno la Kiingereza cha kale sana lenye maana ya mshipi, ukanda wa kiunoni. Kutoka hapo likawa kujifunga mshipi, kujiweka tayari kwa kazi. Kisha likawa kukiweka tayari kitu kingine, kisha kukitengeneza, na mwisho ile hali ya kitu kilichokwisha kutengenezwa.

"Kumbe ni kibwebwe," nikasema.

Akataka kujua kibwebwe ni nini. Nilichukua taulo, nikajifunga kiunoni kwa nguvu kama wanawake wa kwetu wanavyojifunga wakiingia jikoni au ngomani, nikatembea hatua mbili. Alicheka hata akakaa. Ni katika siku chache za hospitali ile ninazozikumbuka kwa raha, nami naziweka hapa kwa sababu zilizobaki haziko hivyo.

Alipomaliza kucheka aliniambia na maana ya mwisho, ambayo kamusi iliitaja kwa mstari mmoja. Katika kiwanda cha chuma, chuma kilichoyeyushwa humiminwa katika kalibu ya mchanga. Kikitoka kimejaa makovu na ncha za ovyo. Kuna watu kazi yao ni kukaa na nyundo na tindo kuzivunja ncha zile na kuusugua mchanga utoke. Hao kazi yao ndiyo kufettle, na baba yake alikuwa mmoja wao. Vumbi la mchanga lilimwingia kifuani. Tabibu wa kijiji alikuwa mpole sana, akaiambia familia kuwa ni kikohozi cha baridi, kiangazi kitakiondoa. Mama yake akaenda kazini kwake kama kawaida. Mzee akafa saa nne asubuhi, peke yake, akiita.

"Tangu siku hiyo," Daktari aliniambia, "simfichi mtu. Nawe ukisema kwa kinywa changu, usifiche."

Nikamjibu kwamba nimefahamu. Kwa kweli nilikuwa nimefahamu. Kiingereza chake wakati huo kilikuwa hakinishindi tena.

Kazi yenyewe nilijifunza kwa kuiona. Nilijifunza kusimama nyuma kidogo ya mgonjwa ili amwangalie Daktari, asiniangalie mimi. Nilijifunza kuchemsha mabomba ya sindano ya kioo wakati hapana wa kukalimaniwa, na kuyatoa bila ya kuyapasua. Nilijifunza kuwa mwanamme wa Kiomani ukimuuliza ana nini atakwambia hana kitu, kheri, alhamdulillah, na baada ya dakika tano za kheri atainua kanzu akuoneshe mguu uliooza. Watu wetu wa Unguja nao ni hivyo hivyo: hujambo, sijambo, halafu anazimia. Daktari alikuwa na subira na hilo. Alisema kwao nako mtu anayekata roho husema hajambo kiasi.

Lakini habari ya kifo ikija, mimi nilikuwa naipunguza. Naisema wazi hapa kwa mara ya kwanza. Daktari akisema hakuna dawa, mimi nilisema dawa ni ngumu kupatikana. Akisema hatapona, nilisema tumwachie Mungu. Watu walinipenda. Walisema yule Zinjibari ana ulimi mwema, wakaniletea tende na mayai. Miaka minne nilifanya hivyo, na wengi walielewa wenyewe kwa kuangalia mgonjwa, nami nikajiona fundi.

Mwaka wa sitini na nane, wakati wa baridi, aliletwa mwanamke kutoka Yiti, akichukuliwa juu ya kitanda cha kamba kupitia njia ya milimani. Jina lake Zuwena. Mumewe, Nasor, alikuwa mtu wa Yiti aliyekaa Unguja miaka mingi akiuza duka, akaoa huko, akarudi kwao na mke baada ya Mapinduzi. Kwa hiyo wote wawili walisema Kiswahili, na nilipowaamkia Nasor alinishika mkono asiuachie.

"Alhamdulillah," alisema. "Leo nimepata mtu wa kusema naye. Yakhe, mwangalie huyu dada yako. Hapati pumzi tangu ajifungue, na mtoto mwenyewe hakuishi."

Miguu ya Bi Zuwena ilikuwa imejaa maji mpaka magotini. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Usiku wote na siku ya pili alimpa alichokuwa nacho. Siku ya tatu asubuhi aliniita pembeni, akaniambia moyo umechoka, na kwamba huyu hafettliki tena. Alisema zimebaki siku tatu au nne. Alisema nimwambie mume wazi, asiondoke, na kama ana mtoto mwingine aletwe leo.

Nasor alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, amekwisha kunawa uso. Alikuwa na binti mmoja, Raya, wa miaka mitano, aliyeachwa Yiti kwa bibi yake.

"Anasemaje?" akaniuliza.

Nilimtazama. Mkewe yule alikuwa amemtoa Unguja kwa mkono wake. Nikaliona lile banda la forodha, na mimi juu ya sanduku.

"Leo hajambo kidogo," nikasema. "Inshallah kheri."

Mtu wa kwetu akisikia inshallah kheri kutoka kwa mtu wa hospitali, mara nyingi huelewa. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini Nasor alikuwa hataki kuelewa, na mimi nilimpa hajambo ya kushikia.

"Basi ntakwenda Yiti mara moja," akasema, uso umemfunguka. "Paa la nyumba liko wazi, nimeacha makuti chini. Nimalize kuezeka, nirudi Ijumaa na Raya, amkute mama yake keshakaa kitako."

Ilikuwa Jumatatu. Nilimsindikiza mpaka kwenye lango. Daktari aliponiuliza kama nimemwambia wazi, nilisema nimemwambia. Alitikisa kichwa, akamtazama Nasor akiondoka na fimbo yake begani.

Jumanne Bi Zuwena aliniita. Alikuwa ameegemezwa mito mitatu, anaongea maneno mawili, anapumzika.

"Kaka Salum, Nasor yuko wapi?"

"Kaenda kumchukua Raya. Atarudi Ijumaa."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia hujambo kidogo."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Mbona umemwambia hivyo?" alisema. "Mimi mwenyewe najua. Yeye ndiye asiyejua. Mtume mtu amrudishe. Na mtoto."

Nilitoka mbio. Nilimpata mtu mwenye punda aliyekuwa anakwenda upande ule, akipitia kijiji cha Bustan. Hapo nilikuwa na nafasi ya kuyarekebisha yote kwa sentensi moja. Mtu yule alikuwa mgeni kwangu, mwenye macho ya huruma, na nikaona vibaya kumtwika habari nzito apeleke kwa watu. Nikamwambia, "Mwambie Nasor mkewe anamuulizia." Ndiyo niliyoyasema, hayo tu. Alifikisha salamu kama nilivyompa, kwa uaminifu kuliko mimi. Nilikuja kujua baadaye kuwa Nasor alicheka, akasema, "Keshaanza kunitamani huyo, basi amepona," akapanda juu ya paa kumalizia.

Bi Zuwena alifariki Jumatano, kabla ya adhuhuri. Nilikuwepo, na Daktari alikuwepo. Aliita majina mawili, la mume na la mtoto, na mimi nilikuwa najua kwa nini hawapo. Hatukuweza kuiweka maiti mpaka Ijumaa. Alizikwa alasiri ile ile, na waliomzika wote walikuwa watu wasiomjua, ila mimi.

Ijumaa Nasor akaja. Raya alikuwa juu ya punda, amevaa kanzu mpya ya manjano, nywele zimesukwa kwa mafuta. Waliingia moja kwa moja hadi kwenye kitanda, wakakuta mgonjwa mwingine amelala. Nilimchukua Nasor nje nikamwambia. Hata hapo nilianza kwa kusema anaumwa sana. Ilibidi nijilazimishe kufika kwenye neno lenyewe. Daktari akaja, akasimama mbele yetu, kofia mkononi.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo penye kazi yetu. Watu wawili wamesimama, hakuna anayejua lugha ya mwenziwe, na ulimi ni mmoja, wangu.

Nasor alimtazama Daktari usoni, akasema kwa utaratibu, "Mwambie huyu Mngereza: kwa nini alinambia hajambo? Angenambia kweli ningekaa. Ningemshika mkono."

Nikamgeukia Daktari, nikamwambia kwa Kiingereza safi, "Anashukuru kwa yote uliyofanya."

Daktari alikuwa amekunja uso. Alisema, "Mwambie nampa pole. Mwambie ni mtu mwenye moyo mgumu kuliko wangu. Mimi nisingeweza kwenda kuezeka paa nami najua zimebaki siku tatu."

Nikamgeukia Nasor. "Daktari anakupa pole," nikasema.

"Pole yake akae nayo."

"Anasema kwaheri," nikamwambia Daktari.

Wakaachana hivyo. Mmoja aliondoka akijua kuwa Mwingereza ni muongo, mwengine akabaki akijua kuwa watu wa Yiti hawana huruma na wake zao. Zaidi ya mara moja nilimsikia Daktari akiwasimulia wageni habari ile, ya mwanamme aliyeambiwa wazi kuwa mkewe anakufa akaenda zake. Alikuwa mtu wa haki, na mimi nilimfanya amdhulumu mtu. Nilikuwa nakaa pale pale, nakunywa chai, nasikiliza. Nilikuwa najua asili ya kila neno analolitamka.

Nyinyi siku hizi mna karatasi ya masharti: mkalimani haongezi, hapunguzi, habadilishi. Mnasomeshwa siku mbili katika chumba chenye kiyoyozi na mnapewa chakula cha mchana. Najua mnaisinzilia. Mimi ndiye niliyependekeza siku ziwe mbili badala ya moja, na hakuna aliyewahi kuniuliza sababu.

Daktari aliondoka mwanzo wa mwaka sabini, kifua kimeanza kumsumbua na yeye. Sikumwambia kweli ya Nasor. Siku ya kuagana aliniuliza nimo katika fettle gani, nikamjibu kwa lugha ya kwao kuwa hivyo hivyo tu, akafurahi kuona nimejifunza vizuri.

Mwisho wa mwaka ule, vibali vya safari vilipolegezwa na mtu akaweza kutembea bila ya kuulizwa, nilikwenda Yiti. Nilikwenda kusema kweli, si kwa jingine. Nasor alinipokea kama mgeni anavyopokewa, akatandika mkeka, mama yake akaleta tende na kahawa. Tukaulizana khabari, tukajibizana kheri. Nilitazama huku na huku, sikumwona mtoto. Nikamuuliza Raya kaenda wapi.

"Raya kafa mwaka jana," alisema. "Homa na kifua. Watu walinambia nimpeleke Maskati. Nikasema kule kuna Mngereza muongo. Atanambia hajambo, ntakwenda zangu, ntarudi nikute kaburi la pili. Nikakaa naye hapa hapa. Huyu, alhamdulillah, nilimshika mkono."

Homa na kifua. Dawa yake ilikuwa kabatini kwetu, rafu ya pili. Nilikuwa nikiitoa kila wiki kwa watoto wa watu.

"Si Mngereza," nikasema. "Yeye alisema kweli. Alinambia nikwambie zimebaki siku tatu, usiondoke, umlete mtoto. Mimi ndiye niliyekwambia hajambo."

Mama yake aliweka dele la kahawa chini. Nasor hakunyanyua sauti, wala hakuinuka. Aliniuliza huyo daktari yuko wapi siku hizi.

"Kesharudi kwao."

"Basi na wewe rudi kwenu, Salum."

Alijua vizuri kwetu ni wapi, kwa kuwa mkewe alitoka huko huko, na alijua kuwa hakurudiki.